Guracha Anatembea

Sista Magdaline alikataa kuingia ndani. Alisimama mlangoni, boda iliyomleta bado inanguruma nyuma yake, mkoba wa dawa ameukumbatia kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Mama Guracha, nimekuja kuaga," alisema.

Qabale alikuwa anachuja maziwa ya ngamia kabla ya kuyapeleka sokoni. Hakuinua kichwa. "Unahama?"

"Sihami. Guracha ndiye ametolewa kwa programu."

"Ametolewa amefanya nini? Ameiba?"

"Amepona."

Qabale alicheka kwanza, kwa sababu Sista Magdaline alikuwa mtu wa mzaha na alidhani huu ni mmojawapo. Halafu akamtazama usoni, akaona mwenzake hachezi. Akaiweka jerikeni chini.

"Amepona nini, sista? Juzi umemwosha kidonda ya matako kwa mikono yako hiyo. Kwani ulikuwa unaosha matako ya nani?"

"Mimi najua, mama. Lakini watu wa utafiti wanasema anatembea. Na mwenye anatembea hapewi mtu wa kumfuata nyumbani, hapewi mipira ya mkojo. Na ule mto wa hewa alioahidiwa, utaenda kwa mwingine."

"Si ungewaambia?"

"Nimewaambia. Wakasema mimi kazi yangu ni kutibu, si kuuliza. Anayeuliza hatakiwi kumjua mgonjwa, ndiyo asimpendelee."

"Kwa hivyo anayemjua haulizwi, na anayeuliza hamjui."

"Ndivyo utafiti hufanywa, mama."

"Basi na wapeane dawa hivyo hivyo," Qabale alisema. "Mwenye kuumwa kichwa afungwe mguu."

Sista Magdaline alimpa glavu na bandeji zilizobaki mkobani, akapanda boda, akaondoka bila kugeuka. Qabale alijua kwamba mwanamke yule alikuwa akilia. Hakumhurumia. Siku hiyo hakuwa na huruma ya kugawa.

Kabla ya haya yote, Guracha alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la ng'ombe. Walipakia Sericho, na yeye na wenzake wakakaa juu kabisa, kwenye zile nguzo zinazopita juu ya migongo ya mafahali, kama watu wote wanavyokaa. Lori likaingia korongo ambalo mvua ililichimba usiku uliotangulia. Ng'ombe walibaki ndani. Guracha akarushwa nje.

Watu wema walifika mbio. Hapo ndipo Qabale huanza kusaga meno kila akikumbuka, kwa sababu huwezi hata kuwachukia. Mmoja alimshika makwapa, mwingine miguu, mwingine akashika kiuno cha suruali, wakamwinua kama gunia la sukari na kumkunja nyuma ya gari dogo la Probox, magoti yakagusana na kidevu. Hospitali ya kwanza ikamwangalia na kumpeleka ya pili. Ya pili ikamlaza kwenye korido. Alipotokea daktari wa kumwambia usijitikise hata kidogo, wakati huo alikuwa hawezi kujitikisa hata angetaka.

Kitanda kilichofuata alilazwa Dullo, kijana wa Kinna aliyeanguka kutoka juu ya mti akikata matawi ya mbuzi. Dullo aliruhusiwa mapema, akaenda nyumbani anaimba. Hakuuawa na mgongo. Aliuawa na kidonda kilichoanzia kwenye makalio, kidogo kama kitufe cha shati, kwa sababu alikuwa akikalia mbao kutwa na hakuna aliyemwambia kwamba nyama isiyosikia maumivu huoza kimyakimya. Qabale alikwenda matangani. Alirudi Isiolo amekunja uso, na tangu siku hiyo akawa anamgeuza mwanawe kitandani kama chapati, mchana na usiku, Guracha akitaka asitake.

Halafu wakaja watu wa utafiti, mara moja tu. Walikuwa na adabu, na kadi shingoni. Walisema wanafuatilia waliovunjika uti wa mgongo, waone wanatibiwaje na wanaishiaje. Walimuuliza Guracha kama anavaa mwenyewe, kama anakula, kama analia. Walipofika kwenye maswali ya mambo ya chumbani wakamwomba Qabale atoke, naye akatoka kwa heshima zote, akaenda kusimama chini ya dirisha. Majibu aliyoyasikia hapo hajayasimulia mpaka leo, ila aliacha kumtafutia mwanawe mchumba huko mbali Kinna na kuanza kumtafutia hapa karibu, upesi.

Kwa hivyo yeye hakuwa na ugomvi na utafiti. Ulimletea Sista Magdaline, ukaleta mipira, kidonda cha Guracha kikaanza kufunga. Sasa kikifunguka tena, atakuwa Dullo.

Alimkuta Guracha amelala kifudifudi, maana hivyo ndivyo kidonda kilivyotaka.

"Wanasema unatembea," Qabale alimwambia.

"Nani?"

"Utafiti."

"Mbona hawakuniambia?" Guracha alisema. "Nimeingoja hiyo habari sana."

Lakini Qabale hakuwa akicheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono kinywani, maana simu ya mwezi uliopita ilikuwa imemrudia neno kwa neno.

Ilikuwa asubuhi. Simu yao ni moja, na Guracha alikuwa ameiacha nyumbani ikichaji.

"Habari ya leo, mama. Naitwa Wendy, napiga kutoka kwa ule utafiti wa mgongo. Naweza kuongea na Guracha?"

"Hayuko. Ametembea."

"Ametembea?"

"Ee. Ametoka tangu mapema."

"Kwani siku hizi anatembea vizuri?"

"Vizuri sana. Hapa Wabera hakuna nyumba hajatembea. Jana ametembea mpaka soko ya mifugo. Huyu kijana hapendi kukaa."

"Anatembea na mtu wa kumsaidia, au peke yake?"

"Siku ingine na mtu, siku ingine peke yake. Ni mtu mzima, nitamshika mkono?"

"Hiyo ni mzuri sana, shosho. Nimefurahi sana."

"Hata mimi nimefurahi."

Wakaagana, nyanya na mjukuu wa simuni, kila mmoja na furaha yake.

Guracha alipoyasikia hayo alizika uso kwenye mto, akacheka mpaka kitanda kikalia. Halafu kicheko kikakatika.

"Walinipigia mimi, ayyo, ama walikupigia wewe?"

Ayyo ni mama, na Guracha akimwita hivyo kwa sauti ya chini, mama huyo hukaa chonjo.

"Simu ni moja," Qabale alisema.

"Wangeuliza nitarudi saa ngapi. Wangesema, akirudi atupigie. Mgongo ni wangu, matako ni yangu, wanaulizana juu yangu kama mimi ni mbuzi nimepotea." Alipiga godoro ngumi. "Na wewe unawasifia kabisa. Wabera yote, soko ya mifugo. Ulikuwa unaniuza?"

"Nilisema ukweli. Unatembea."

Guracha alilegeza ngumi. "Natembea," alikubali.

Hapo ndipo palipouma zaidi. Mwaka wote wa kwanza Guracha hakutoka chumbani. Alikataa kiti cha magurudumu, akakataa wageni, akageukia ukuta. Siku aliyokubali kusukumwa hadi kwa jirani akanywe chai, Qabale alipita sokoni na maziwa yake akiwaambia watu hata wasiomuuliza: Guracha ametembea leo. Na kila mtu alielewa, Mborana, Mturkana, Mmeru muuza viazi, wote walielewa na kumwambia hongera. Lilikuwa neno lake tamu kuliko yote. Sasa mtu fulani mjini Nairobi amelichukua, amelipindua, na kulitumia kumnyang'anya mwanawe bandeji.

Qabale aliichukua simu akaitafuta ile namba.

"Wendy, mimi ni mama Guracha wa Isiolo. Guracha hatembei."

"Ameumia tena, shosho?"

"Hajaumia tena. Ni ile ile. Miguu yake haina kazi, anaenda na kiti."

"Lakini ulisema anatembea."

"Anatembea, lakini hatembei."

Akamweleza taratibu, kama mtu anavyomwelezea mtoto wa nasari, kwamba mtu anaweza kutembea kwa watu bila kutembea kwa miguu, na kwamba hata maiti hubebwa ikapelekwa mahali. Wendy alielewa. Ilisikika alivyoelewa, maana sauti yake ilishuka.

"Pole sana, shosho. Shida ni data imeshafungwa."

"Fungua. Mimi nangoja."

"Haifunguliwi hivyo. Na Alhamisi daktari anakuja hapo Isiolo kusoma matokeo kwa wadau."

"Chakula itakuwa?"

"Ni mkutano wa wadau, shosho, wa kualikwa."

"Mimi ni mdau," Qabale alisema, akakata.

Hoteli ilikuwa mpya, ya ghorofa, kando ya barabara kuu, na ukumbi wa mikutano ulikuwa juu. Guracha alifika kwa kiti chake, blanketi limekunjwa chini yake mara nne badala ya mto. Mlangoni palikuwa na askari wa Kiturkana, Lodio, mtu mrefu mwenye rungu asilolihitaji.

"Kupanda ni wapi?" Qabale alimuuliza.

Lodio alionyesha ngazi. Halafu akaona kiti, akajikuna shingo. "Lifti iko," alisema. "Yaani shimo yake iko. Lifti yenyewe bado haijakuja."

"Mkutano wa wenye kuvunjika mgongo," Qabale alisema, "mmeuweka huko juu."

"Si mimi niliweka, mama mzee. Mimi niko hapa chini na nyinyi."

"Panda, ayyo," Guracha alisema. Meno yalikuwa yamekazana. "Mimi nitakaa hapa karibu na jenereta. Ukiniita, mimi nasikia. Kama jenereta itanyamaza."

Qabale alipanda, magoti yakilalamika. Ukumbini walijaa watu wa ofisi, wengine kutoka kwa kaunti, wengine kutoka kwa mashirika. Kando ya ukuta palikuwa na meza ya maonyesho: mipira ya mkojo, glavu, na mto wa hewa. Huo mto Guracha alikuwa ameahidiwa tangu mvua za mwaka jana lakini Qabale hakuwahi kuuona. Ulikuwa mweusi, umejaa vinundu vya mpira vilivyopangwa kama chuchu za kundi zima la ngamia. Aliubonyeza. Ukashuka na kupanda polepole, kama kitu kinachopumua.

Viti vya ukumbini vilikuwa vigumu. Qabale akauchukua mto, akachagua kiti cha nyuma, akauweka, akaukalia, akatandaza shuka lake juu ya magoti. Hakuna aliyemuuliza. Mwanamke mzee akikaa mahali huwa watu wanadhani alikuwepo tangu jengo likijengwa.

Daktari Kiogora alikuwa mbele, mwembamba, na kalamu inayotoa nukta nyekundu ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo lilimkasirisha Qabale, maana alikuwa amejiandaa kwa mtu mbaya.

"Kaunti zingine tuliwafuata wagonjwa nyumbani," Daktari alisema. "Hapa, kwa sababu ya umbali na hali ya barabara, tulitumia simu. Na ndugu zangu, Isiolo imetushangaza. Zaidi ya nusu ya walioumia uti wa mgongo leo wanatembea."

Watu wakapiga makofi. Mtu wa kaunti akapiga zaidi, kama ni yeye aliyewasimamisha.

"Kwa hivyo tunapendekeza masista wa kufuata wagonjwa nyumbani wahamishwe, waende kule matokeo ni mabaya."

Zaidi ya nusu. Hakuwa Guracha pekee. Aliwaona wote, huko Sericho na Kinna na Oldonyiro, mama zao wameshika simu na kujibu kwa fahari: ametembea, ametembea, ametembea. Na kila mgonjwa akifutwa pale alipo, amelala juu ya kidonda chake.

Akanyoosha mkono. Kipaza sauti kikamfikia.

"Salaam aleikum. Daktari, mimi nimefurahi," alisema. "Mimi nina kijana mmoja wa hao wako wanaotembea. Nimekuja na yeye."

Uso wa Daktari ulifunguka kama dirisha. "Yuko wapi, mama?"

"Yuko chini, hapo kwa jenereta. Anaona aibu kuingia bila kuitwa."

"Hapana, hapana, aitwe. Wageni wetu wangependa kumwona. Wendy, mwambie askari amwambie apande."

Msichana mmoja wa mbele aligeuka ghafla. Alikuwa na uso wa duara na miwani, na alipomtazama Qabale, akamtambua kwa ile sauti ya simuni. Qabale akamtingishia kichwa kwa upole wa nyanya kabisa. Wendy akafungua kinywa, akakifunga, akaenda ngazini kuita.

Wakangoja. Daktari alieleza kidogo kuhusu umuhimu wa mazoezi. Wakangoja. Mtu wa kaunti akaangalia sambusa. Chai ikaanza kupata utando. Daktari akasema labda kijana ana haya, na watu wakacheka, na Qabale akacheka nao.

Mwishowe Lodio akatokea mlangoni, akiwa peke yake.

"Anasema hawezi kupanda," Lodio alisema. "Anasema kama daktari anatembea, ashuke."

Hakuna aliyecheka sana. Qabale aliinuka, akauchukua mto, akauweka kwapani chini ya shuka, akatangulia kushuka. Nyuma yake alisikia viti vikikwaruza sakafu.

Guracha alikuwa pale pale kwenye kivuli chembamba cha jenereta, moshi ukimpitia. Shati lake jeupe alilolipiga pasi mwenyewe lilikuwa limeshika masizi. Daktari Kiogora alifika mbele yake na kusimama. Akaitazama miguu, akayatazama magurudumu, akamtazama Wendy.

"Ni wewe Guracha?"

"Ni mimi."

"Niliambiwa unatembea."

"Natembea sana," Guracha alisema. "Leo nimetembea mpaka hapa. Nimefika kabla yako. Nyinyi ndio hamtembei, daktari. Tangu mniweke kwa simu yenu hamjanitembelea hata siku moja."

Jenereta ikaendelea kunguruma. Mtu wa kaunti alijifanya anaongea na simu.

"Wendy," Daktari alisema polepole, "uliwauliza vipi?"

"Vile imeandikwa. Je, anatembea?"

"Wote?"

"Wote." Alikuwa amevua miwani. "Na wengi waliojibu walikuwa mama zao. Walikuwa wanafurahi sana. Mimi nilidhani..."

"Ulidhani miguu," Qabale alisema. "Sisi tunasema mtu. Muulize basi. Huyu hapa, ana masikio."

Wendy aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Guracha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa utafiti ule kushuka kimo chake. "Guracha, unaweza kusimama na kupiga hatua kwa miguu yako mwenyewe?"

"Siwezi."

"Unasikia chochote kuanzia kiunoni kwenda chini?"

"Sisikii. Ndiyo maana kidonda inanikula bila kubisha hodi."

"Asante," Wendy alisema.

Daktari alianza kueleza. Alisema hilo ni kosa la lugha, kwamba watapiga simu upya kwa kila mmoja, kwamba ile habari ya kuhamisha masista itasimamishwa hadi hapo, kwamba kuna kamati ambayo lazima ikae kwanza, na ikikaa, basi vifaa vya Guracha vitarudishwa kwa utaratibu.

"Kamati ikae," Qabale alisema. "Imebahatika, inasikia ikikaa. Guracha, jinyanyue."

Guracha alimtazama mama yake, akaona shuka lilivyovimba kwapani, akaelewa. Akashika mikono ya kiti, mishipa ikasimama, akajiinua juu hewani. Qabale alilivuta blanketi, akausukuma mto mahali pake. Guracha akashuka juu yake. Vinundu vikazama, vikapumua, vikatulia.

"Mama," Daktari alisema, "huo ni wa maonyesho."

"Basi onyesheni hapa," Qabale alisema. "Wote mmeshuka, mnaona vizuri. Huko juu ulikuwa unanionyesha mimi peke yangu, na mimi matako yangu ni mazima."

Lodio alicheka kwanza, akageuza uso kwa ajili ya kazi yake. Daktari alitazama mto, akamtazama Guracha aliyekuwa juu yake, akarudisha kalamu yake mfukoni.

"Na Magdaline arudi Jumatatu," Qabale alimwambia. "Yule anayemjua. Asiyemjua mkae naye."

"Atarudi," Daktari alisema.

"Sijakuuliza. Nimekuambia."

Akakishika kiti nyuma, akakigeuza, wakatoka getini. Qabale hakuona raha. Alikuwa amepata mto mmoja na Jumatatu moja, na huko Sericho kuna mama alikuwa bado anafurahi. Alisukuma kwa hasira mpaka Guracha akashika magurudumu kumpunguza kasi.

"Ayyo, utanimwaga."

"Nyamaza. Unasikiaje?"

"Wewe unajua sisikii."

"Namaanisha moyoni."

Guracha alifikiri. "Ni kama nimekalia ngamia mwenye anaishi."

Karibu na msikiti wa Wabera, mama mmoja muuza miraa aliwapungia mkono akawauliza wametoka wapi, na shati jeupe limeshika masizi hivyo.

Qabale alifungua kinywa kusema lile neno, kama alivyozoea. Akalishika. Akalizungusha ulimini, akaliona limebadilika ladha, na akamlaani Wendy na daktari na simu zote za Nairobi kwa kumfanya alipime neno lake mwenyewe kabla ya kulitoa.

Ni Guracha aliyemjibu yule mama, kwa sauti kubwa ambayo hata waliokuwa msikitini waliisikia.

"Tumetoka kutembea," alisema.

Qabale akasonya, akaendelea kusukuma.